Watawa wa Pugu

Mtu atokaye Temeke au Kinondoni, akiipa bahari kisogo na kushika njia iendayo magharibi, huona mbele yake nchi ikianza kuinuka. Mashamba ya minazi na nyumba za watu hupungua, miti huzidi, na upepo huwa baridi kidogo kuliko ule wa pwani. Hapo ndipo Pugu. Wakristo wengi wa Dar es Salaam wapajua, kwa kuwa huenda kuhiji huko. Na wenyeji wa Kisarawe wapajua zaidi, maana ni mlango wa nchi yao.

Nami siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu huko, nikawasimulia habari za watawa wa kwanza waliokaa mahali pale na jinsi walivyouawa. Nilipokwisha, kijana mmoja wa ukoo wa Kizaramo akainua mkono akasema, “Mwalimu, ulitufundisha ya kuwa mtawa ni mtu akaaye ndani akisali. Hawa walitoka Ulaya wakavuka bahari wakaja kufanya kazi porini. Je, walikuwa wakitawa wapi? Na wazee wetu waliwaua kwa sababu walisali?”

Nalimjibu kwa haraka, na jibu langu halikuwa jema. Nalisema tu ya kuwa nyakati zile zilikuwa za giza. Tuliporudi nyumbani nikaona haya, kwa kuwa kijana aliuliza maswali mawili ya haki, nami nalimpa neno lisilo jibu. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Nawaandikia waalimu wenzangu, maana nadhani si mimi peke yangu niliyewahi kuulizwa hivyo.

I. Neno lenyewe

Na tuanze na neno, maana mara nyingi neno la kale huhifadhi jambo ambalo watu wamekwisha kulisahau. Kutawa katika Kiswahili cha pwani ni kukaa ndani, kutoonekana ovyo nje. Hapo kale lilisemwa hasa juu ya wanawake wa nyumba za heshima, wasiotoka mchana ila kwa haja. Kisha likasemwa juu ya mtu mcha Mungu aliyejitenga na mambo ya dunia. Huyo aliitwa mtawa, mwanamume au mwanamke. Wakristo walipohitaji neno la kuwaita watu wa monasteri hawakulitunga. Walilikuta tayari vinywani mwa watu, wakalitwaa.

Ndugu zetu Waislamu nao wanalo jambo la namna hii. Katika kumi la mwisho la Ramadhani wako wafanyao itikafu, yaani hujifunga msikitini siku kadha wa kadha kwa sala na kusoma. Kwa hiyo mtu wa pwani hakuwa mgeni wa wazo lenyewe, ya kwamba yuko mtu aachaye soko na barza ili akae na Mungu. Jambo lililokuwa geni kwake ni kulifanya hilo maisha yote, bila kuoa, pamoja na wenzake, chini ya mkuu mmoja.

Maneno mengine yalitoka mbali. Monaki asili yake ni Kiyunani, maana yake aliye peke yake. Waarabu humwita rahibu, neno litokanalo na kuogopa, yaani kumcha Mungu. Mkuu wa monasteri huitwa abati, na neno hilo ni abba la Kiaramu, ndugu wa abu la Kiarabu. Maana yake ni baba tu. Basi tukiyaweka maneno haya pamoja twapata sura kamili: mtu aliye peke yake, amchaye Mungu, akaaye ndani, naye ana baba.

II. Afrika ndiko kulikoanzia

Wako wadhanio ya kuwa utawa ni kitu cha Ulaya kilicholetwa Afrika. Sivyo. Ulianza Afrika, ukaenda Ulaya, kisha ukarudi. Antoni wa Misri, aliyekufa mwaka 356, alikaa jangwani miaka mingi, na wengi wakamfuata. Katika karne hiyo hiyo Pakomi, naye wa Misri, akawakusanya watawa wakae pamoja katika nyumba moja, wenye kazi moja, chakula kimoja na saa moja za sala. Toka Misri desturi hiyo ilienea Uhabeshi na Shamu, hata ikafika Italia na Ufaransa.

Huko Italia, katika karne ya sita, alitokea Benedikto wa Nursia. Yeye aliweka nyumba yake juu ya mlima wa Monte Cassino, akaandika Kanuni yenye sura 73. Si kitabu kikubwa. Hata hivyo kiliongoza nyumba nyingi za watawa katika nchi za magharibi tangu siku zile hata leo. Katika sura ya 58 yamo mambo matatu ambayo mtu huyaahidi siku ya kuingia: kukaa daima mahali pale, kuugeuza mwenendo wake, na kutii. Naomba msomaji alishike lile la kwanza. Mtawa wa Benedikto haahidi kwenda, aahidi kukaa. Huifunga roho yake na nyumba moja na ndugu wale wale hata kufa. Yaani aahidi kutawa.

Siku yake imegawanyika katika sala, kazi na kusoma. Husali mara saba mchana na mara moja usiku. Na hapa iko faida ndogo kwa waalimu wa lugha. Sala nne za mchana katika Kilatini huitwa kwa hesabu ya saa: ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya tisa. Mzungu wa leo akiyasikia majina haya hutatizika, kwa kuwa saa yake huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Kwake “saa ya tatu” si saa tatu. Lakini Mswahili huhesabu toka mapambazuko, kama Warumi wa kale. Sala ya saa ya kwanza ni saa moja, ya tatu ni saa tatu, ya sita ni saa sita, ya tisa ni saa tisa. Mtoto wa Temeke aweza kulielewa jambo hili kwa dakika moja, ambalo mtoto wa London hana budi kuelezwa.

III. Wasistersiani, waliotaka kurudi kwenye Kanuni

Hata nyumba njema huchakaa. Baada ya miaka mia tano nyingi za monasteri za Benedikto zilikuwa na mali nyingi, na sala ndefu mno hata nafasi ya kazi ya mikono ikapotea. Mwaka 1098 abati Roberti wa Molesme na wenzake walitoka katika nyumba yao, wakaenda mahali pa ukiwa panapoitwa Cîteaux, katika nchi ya Ufaransa. Toka jina hilo wakaitwa Wasistersiani. Nia yao haikuwa kuanza jambo jipya, ila kuishika Kanuni ile ile kama ilivyoandikwa.

Walivaa sufi isiyotiwa rangi, kwa hiyo watu wakawaita watawa weupe. Makanisa yao yalikuwa matupu, bila sanamu za fahari wala vioo vya rangi. Walikataa kuishi kwa zaka na kwa jasho la watumwa wa mashamba, wakalima wenyewe. Na kwa kuwa sala ziliwafunga kanisani, waliwapokea ndugu wasio mapadre, ambao sala zao zilikuwa chache na kazi zao nyingi. Hawa ndio waliokaa katika mashamba ya mbali, wakichunga kondoo, wakisaga nafaka, wakichimba mifereji. Ndugu wa namna hiyo, tuwaitao mabruda, tutawaona tena Pugu.

Mwaka 1113 hivi aliingia Cîteaux kijana mmoja, Bernardo, pamoja na jamaa na rafiki zake kama thelathini. Baada ya miaka miwili, mwaka 1115, akatumwa kuanza nyumba ya Clairvaux. Alipokufa mwaka 1153 nyumba za Wasistersiani zilikuwa zimepita 300, toka Ureno mpaka nchi za Skandinavia. Ziliungana kwa Hati ya Upendo: kila nyumba yaiangalia nyumba iliyoizaa, na abati wa nyumba mama huja kuwatazama wanawe kila mwaka. Ndivyo ulivyo ukoo. Hakuna mwana asiye na mzazi, wala mzazi aliyesahau wanawe.

Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kusema mema peke yake. Wasistersiani walipenda ukiwa, na mahali ambapo ukiwa haukuwapo, mara nyingine waliufanya: wanakijiji waliondolewa ili watawa wapate kimya. Kondoo wao wakazaa, sufi ikauzwa, na wale waliokimbia mali wakawa matajiri. Na Bernardo mwenyewe, aliyeahidi kukaa, alitolewa nyumbani na mambo ya wafalme na mapapa; mwaka 1146, huko Vézelay, aliwahubiri watu waende vita vya msalaba, na vita vile vikaisha kwa kushindwa mbele ya Dameski mwaka 1148. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa taabu ya mtawa aliyefungamana na wenye silaha ilianza pwani yetu. Ni ya zamani.

IV. Kufika Pugu

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Seyyid Majid wa Unguja baada ya mwaka 1860. Alipokufa mwaka 1870 ukapoa. Mwaka 1887 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ikaweka kituo chake hapo. Nchi nyuma ya mji ilikuwa ya Wazaramo, wenye mapazi wao na mashamba yao, nao walikuwa wakifanya biashara na watu wa pwani tangu zamani.

Ujerumani nako alikuwako padre mmoja, Andreas Amrhein, mzaliwa wa Uswisi, mtawa wa abasia ya Beuron. Yeye alikuwa na wazo ambalo wenzake wengi walilishangaa: kwamba watawa wa Benedikto wawe tena wamisionari, kama walivyokuwa hapo kale walipoihubiri Injili Uingereza na Ujerumani. Mwaka 1884 alianza nyumba yake Reichenbach. Mwaka 1887 akaihamishia mahali palipoitwa Emming, katika Bavaria, panapojulikana leo kwa jina la St. Ottilien. Tangu mwaka 1885 walikuwako pia masista.

Huo ndio wakati Kampuni ilipotafuta wamisionari wa kabila lake mwenyewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekaa Bagamoyo tangu mwaka 1868, lakini wengi wao walikuwa Wafaransa, na wakuu wa Kampuni walitaka Wajerumani. Mwezi wa Novemba 1887 Roma iliikata sehemu ya kusini ya nchi ikawapa watawa wa St. Ottilien. Padre Bonifatius Fleschutz akaondoka na mabruda na masista wanne, wakafika Dar es Salaam mwezi wa Januari 1888. Wakapanda vilimani, wakajenga Pugu.

Tutazame jinsi walivyokuwa. Padre alikuwa mmoja. Walio wengi walikuwa mabruda, watu wa kazi za mikono. Nyumba yao haikuwa abasia, wala haikuwa na abati. Ilikuwa chipukizi tu. Hata hivyo mtu aijuaye habari ya Cîteaux ataitambua. Waliuacha mji wakatafuta kilima na mti na maji. Jambo la kwanza walilofanya ni kujenga na kulima kabla ya kuhubiri sana. Walitaka watu wa nchi waone kwanza jinsi Mkristo asalivyo na afanyavyo kazi, kisha wasikie. Ndiyo njia ya Benedikto: kukaa mahali mpaka mahali penyewe pajifunze.

Hapa napata jibu la swali la kwanza la kijana wangu. Walikuwa wakitawa wapi? Walitaka kutawa pale pale Pugu. Hawakuja kupita, walikuja kuweka nyumba. Ahadi ya kukaa waliibeba toka Ulaya wakataka kuipanda katika udongo wa Uzaramo. Walakini hawakutimiza mwaka.

V. Kuku mgeni na kamba yake

Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgeni hujulikana kwa alama, hata akijitahidi kufanana na wenyeji. Watawa wa Pugu nao walikuwa na kamba mguuni, na mwisho wa kamba ile ulishikwa na Kampuni.

Tarehe 28 Aprili 1888 Seyyid Khalifa wa Unguja aliipa Kampuni mamlaka ya kuitawala pwani kwa jina lake na kutoza ushuru. Mwezi wa Agosti watu wa Kampuni wakaanza kupandisha bendera yao bandarini, kwa jeuri kubwa, hasa Pangani. Watu wa pwani waliona ya kuwa nchi imeuzwa bila wao kuulizwa. Mwenye biashara aliogopa ushuru, mwenye shamba aliogopa kunyang'anywa, mkuu wa mji aliogopa kuvuliwa ukuu wake, naye mwenye watumwa aliogopa kupotewa na mali yake. Sababu hizi hazikuwa za namna moja, wala si zote zilizokuwa njema. Lakini zote zilikutana katika kuikataa Kampuni. Akatokea Abushiri bin Salim, Mwarabu mzaliwa wa pwani, akawa kiongozi wa vita upande wa Pangani na Bagamoyo. Bwana Heri akasimama Sadani.

Mwezi wa Desemba manowari za Wajerumani na Waingereza zikaifunga pwani. Majahazi yakakamatwa, na baadhi ya watumwa waliotolewa humo wakakabidhiwa misheni za Dar es Salaam. Kumweka huru mtumwa ni tendo la haki, wala mwandishi huyu halijutii. Lakini tuone jinsi lilivyoonekana machoni pa wenye majahazi: manowari yakamata, misheni yapokea. Kwao yalikuwa mikono miwili ya mtu mmoja. Na wenye majahazi walikuwa na bunduki.

Jumapili, tarehe 13 Januari 1889, kikosi cha wapiganaji wa upande wa Abushiri kikaishukia Pugu. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing wakauawa. Wengine wakakamatwa wakachukuliwa mateka. Nyumba ikateketezwa. Yote yaliyojengwa kwa mwaka mmoja yakaisha kwa siku moja.

Mateka walikaa mikononi mwa Abushiri mpaka mwezi wa Machi, wakakombolewa kwa fedha. Na ni nani waliosema naye mpaka akakubali? Ni Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Bagamoyo. Jambo hili lataka kufikiriwa sana. Mapadre hao walikuwa Wakristo kama wale wa Pugu; walisali sala zile zile, na misheni yao ililea watumwa waliokombolewa tangu miaka ishirini. Hata hivyo Abushiri hakuwagusa. Alipigana na Wajerumani kambini karibu nao, na watu wengi waliokimbia vita wakapata kimbilio katika uwanja wa misheni.

Basi hili ndilo jibu la swali la pili, nami nataka kulitamka wazi. Watu wa Pugu hawakuuawa kwa sababu ya sala. Kama sala ingekuwa sababu, Bagamoyo ingeungua kwanza. Waliuawa kwa sababu walihesabiwa kuwa watu wa bendera. Sisemi ya kuwa walistahili. Mtu aliyeshika jembe na mwanamke aliyeuguza wagonjwa hawastahili kuuawa na mtu yeyote. Wala sisemi ya kuwa kufa kwao hakukuwa ushuhuda: wao waliitoa roho yao mahali walipoahidi kukaa. Nasema tu ya kuwa mambo mawili yaweza kuwa kweli pamoja. Yaliyokuwa moyoni mwao yalikuwa sala. Yaliyoonekana mguuni mwao ilikuwa kamba.

Mwisho wa vita wajulikana. Hermann von Wissmann alikuja na askari wa kukodi. Tarehe 8 Mei 1889 akaibomoa boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na tarehe 15 Desemba mwaka ule Abushiri akanyongwa Pangani. Serikali ya Kijerumani ikaitwaa nchi mikononi mwa Kampuni.

VI. Yaliyochipuka baadaye

Watawa walirudi, lakini sasa nguvu zao waliziweka mjini Dar es Salaam na pwani yake. Kurasini, ambayo leo ni sehemu ya Temeke, palikuwa na misheni yao. Mjini, karibu na bandari, walijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu toka mwaka 1897 mpaka mwaka 1902, na mnara wake waonekana hata leo kwa mtu ajaye kwa bahari. Kusini walikwenda mbali: Peramiho mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906.

Kamba nayo ilikuwa bado haijakatwa. Vita vya Majimaji vilipoanza, tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliuawa njiani upande wa Liwale. Tena ni watawa, tena ni vita juu ya utawala na kodi na pamba ya kulazimishwa, tena waliokufa ni watu waliokuwa safarini kwa kazi ya misheni. Na katika kuvizima vita vile watu wa kusini walikufa kwa silaha na kwa njaa, wengi kupita hesabu ya Wazungu wote waliokuwako. Mwalimu afundishaye habari ya Spiss bila kutaja njaa ile amefundisha nusu.

Wasistersiani wenyewe nao walifika katika nchi yetu. Tawi lao lenye kimya kikali, waitwao Watrapisti, lilikuwa na monasteri kubwa Mariannhill, katika Natal, iliyoanzishwa na Franz Pfanner mwaka 1882. Toka huko mwaka 1897 wakaja Gare, katika milima ya Usambara. Baada ya miaka kama kumi wakaiacha, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaishika. Huko Mariannhill taabu ilikuwa ile ile ya Amrhein, ila kwa ukali zaidi: mtu aliyeahidi kunyamaza atafundishaje katekisimu? Mtu aliyeahidi kukaa atatembeleaje vijiji? Mwaka 1909 Roma ilikata shauri, Mariannhill ikatengwa na Watrapisti ikawa shirika la wamisionari. Watawa wa St. Ottilien hawakutengwa, wao wameuchukua mzigo wa mambo yote mawili hata leo, ahadi ya kukaa na amri ya kwenda.

Katika siku za karibu zaidi Watrapisti waliweka nyumba Mokoto, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1954, na nyingine Kenya, karibu na Kipkelion, mwaka 1956. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokimbilia Mokoto walishambuliwa, wengi wakauawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Fujo za uchaguzi za Kenya zilipotokea, watawa wa Kipkelion walihamia Kijura, Uganda, mwaka 2008. Katika nyumba hizi mbili hapakuwa na Kampuni wala manowari. Wala watu waliokimbilia humo hawakuuliza bendera. Walikimbilia kwa kuwa walijua ya kuwa milango ya watawa iko pale pale. Ahadi ya kukaa ilikuwa imewafaa majirani kabla haijavunjwa na vita.

Kwetu chipukizi lilishika mizizi. Mwaka 1931 Peramiho na Ndanda zikawa abasia zenye majimbo yao. Mwaka 1957 ilianza Hanga, karibu na Songea, nyumba ya watawa Waafrika. Mwaka 1994 ikapata cheo cha abasia. Huko leo Waafrika husali saa ya tatu saa tatu, hulima, huchunga, hufundisha. Jambo lililoanza Misri limefika Songea, baada ya kuzunguka Monte Cassino na Bavaria.

Na Pugu yenyewe? Mwaka 1921 kazi ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kwa Wakapuchini wa Uswisi. Vilimani pakawa na shule ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1952 alikuja kufundisha hapo kijana aliyetoka masomoni Edinburgh, Julius Nyerere. Mwaka 1955 akaiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya kazi ya kuikomboa nchi. Basi kilima kile ambacho mwaka 1889 kiliungua katika vita vya kuukataa utawala wa Wajerumani kilikuwa makao ya yule aliyeshusha bendera ya Waingereza bila vita. Sioni haja ya kulitia chumvi jambo hilo. Nalitaja ili waalimu walijue.

VII. Neno la mwisho kwa waalimu

Nilirudi darasani nikamwita yule kijana, nikamwambia haya kwa ufupi. Alisikiliza, kisha akaniuliza kama yuko mtu aliyeandika majina ya Wazaramo waliokufa katika vita vile, kama yalivyoandikwa majina ya wale watatu. Nikamwambia sikuyaona. Akasema, “Basi bado.”

Neno hilo halijaniacha. Watawa wa kale walikuwa na desturi njema: kila nyumba huandika majina ya wafu wake, na siku ya kufa kwao husomwa mbele ya ndugu wote, mwaka baada ya mwaka, hata kama miaka mia imepita. Kwa hiyo Petrus, Benedikt na Martha hawajasahauliwa. Desturi hiyo si ya kuonea wivu, ni ya kuiga. Wako bado wazee katika Kisarawe na Maneromango wenye masimulizi ya babu zao. Mwalimu mwenye daftari na kalamu, akiketi nao jioni, aweza kuyaandika kabla hayajazikwa pamoja nao. Nami nimekwisha kuanza katika kijiji kimoja, na yule kijana ndiye anishikiaye daftari.